Vinoo vya Bei Nafuu kwa Wembe wa Kukunja: King, Norton, Naniwa, Coticule au Filamu ya Msasa?

Anayetafuta kinoo cha wembe wa kukunja kwa mara ya kwanza hukutana na swali ambalo mwenye kisu cha jikoni hajiulizi. Kisu kikitoka kwenye jiwe namba 1000 (namba ikiwa kubwa zaidi, chembe za jiwe ni ndogo zaidi) hukata nyanya vizuri na mwenyewe akaridhika, ilhali wembe uliotoka kwenye jiwe hilohilo hukata nywele za mkononi lakini ukifika shavuni unakwaruza na kuacha ngozi ikiwaka. Wembe hauhitaji kinoo kimoja bali mfululizo wa vinoo, kila kimoja kikifuta mikwaruzo ya kilichotangulia, na ndiyo sababu gharama hupanda kabla mtu hajanyoa hata unywele mmoja. Ulinganisho huu unahusu njia za kuishusha gharama hiyo bila kuharibu makali: mawe ya pande mbili ya King na Norton, filamu ya msasa inayotandazwa juu ya kioo, mawe ya kumalizia ya Naniwa na Shapton, na mawe ya asili ya Ubelgiji, China na Arkansas.

Niseme mapema ninakoelekea. Mwenye fedha kidogo aziweke kwenye hatua ya kwanza ya kunoa na kwenye usawa wa jiwe, si kwenye jiwe la mwisho. Jiwe la mwisho ndilo linalosifiwa zaidi kwa sababu lina namba kubwa na bei kubwa, na wanunuzi hulikimbilia wakiamini kwamba namba 12000 itarekebisha chochote kilichoharibika kabla yake. Hairekebishi. Wembe ambao pande zake mbili hazikukutana barabara kwenye jiwe namba 1000 utatoka kwenye namba 12000 uking'aa, na bado hautanyoa.

Wembe unadai nini kwenye jiwe

Wembe wa kukunja, uwe umetengenezwa Solingen nchini Ujerumani au Sheffield nchini Uingereza, umeundwa ujipimie pembe wenyewe. Mgongo wake mnene hulala juu ya jiwe pamoja na makali, na uwiano kati ya unene wa mgongo na upana wa bapa ndio unaoamua pembe, ambayo kwa nyembe nyingi ni kati ya nyuzi 15 na 19 hivi ukijumlisha pande zote mbili. Kwa hiyo mnoaji hahitaji mkono mzoefu wa kushikilia pembe kama anayenoa kisu. Anahitaji jiwe lililo sawa kabisa. Jiwe lenye bonde katikati huugusisha wembe mahali pengine na kuuacha mahali pengine, na kosa hilo halionekani kwa macho mpaka siku ya kunyoa.

Jambo la pili ni upana. Makali ya wembe wa kawaida yana urefu wa takriban sentimita saba na nusu, na jiwe lenye upana huo hulibeba bapa lote kwa pamoja. Jiwe jembamba zaidi linatumika pia, ila wembe hulazimika kusukumwa kwa mshazari, ukianza kisiginoni, yaani mwisho wa bapa ulio karibu na mpini, na kumalizia nchani, ili makali yote yapate zamu yake. Wanaoanza huliona hilo kuwa udhaifu, lakini nyembe nyingi za zamani zimepinda kidogo, na wembe uliopinda hunoleka vizuri zaidi kwenye jiwe jembamba kuliko kwenye pana.

Namba zisizolingana

Kabla ya kulinganisha bei inafaa kujua kwamba namba 8000 ya kampuni moja si lazima iwe namba 8000 ya nyingine. Katika viwango vya Japani, chembe za namba 4000 zina ukubwa wa mikroni 3 hivi (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), za namba 6000 mikroni 2, na za namba 8000 mikroni 1.2. Shapton ina hesabu yake, ambamo namba 8000 ni mikroni 1.84 na namba 12000 ni takriban mikroni 1.2. Norton, chapa ya Marekani, huitaja 4000 yake kuwa mikroni 6 na 8000 kuwa mikroni 3. Kwa hesabu ya karatasi tu, upande wa 6000 wa King una chembe ndogo kuliko upande wa 8000 wa Norton.

Wembe lakini haunolewi kwa hesabu ya karatasi. Gundi inayoshika chembe, ugumu wa jiwe, na jinsi chembe zinavyovunjika wakati wa kazi huchangia sana katika makali yanayopatikana, na ndiyo maana mawe mawili yenye chembe za ukubwa mmoja huacha nyembe mbili zinazonyoa tofauti. Namba itumike kupanga mfululizo ndani ya aina moja ya mawe, isitumike kuamua kwamba jiwe la kampuni hii linashinda la kampuni ile.

King dhidi ya Norton

Jiwe la pande mbili la King, 1000 kwa 6000, ni rahisi kulipata na ni miongoni mwa ya bei ndogo zaidi kati ya mawe ya Japani yenye jina. Upande wake wa 1000 unafanya kazi halisi: hula chuma kwa kasi ya wastani, hutoa tope linaloonyesha kazi inakwenda, na unatosha kutengeneza upya mwinamo wa makali, yaani zile sehemu mbili nyembamba zinazokutana kuunda ukingo unaokata. Ulowekwe majini kwa dakika kumi hivi kabla ya kutumika, kwa kuwa jiwe hili hunywa maji sana. Udhaifu wake ni ulaini. Linachimbika katikati upesi, na asiyelisawazisha mara kwa mara atakuwa ananolea kwenye bonde bila kujua. Jiwe hili pia huwa na upana wa chini ya milimita 70, kwa hiyo mwendo wa mshazari hauepukiki.

Upande wa 6000 wa King ndio unaowachanganya watu. Kwa kisu cha samaki unatosha na kubaki. Kwa wembe ni kituo cha njiani: makali yake hunyoa, lakini kwa ukali mkavu ambao ngozi nyororo ya shingoni haiuvumilii. Mwenye King peke yake anahitaji kitu kingine baada yake, hata kama ni mkanda wa ngozi uliopakwa dawa ya kijani ya kung'arishia makali tu.

Norton 4000 kwa 8000 ni kisa kingine. Kwa miaka mingi jiwe hili limekuwa jibu la kwanza kwa Wamarekani wanaoanza kunoa nyembe zao, na si bure. Lina vipimo vya inchi 8 kwa 3 kwa 1, yaani takriban milimita 203 kwa 76 kwa 25, hivyo bapa lote hukaa juu yake. Upande wa 4000 unakula chuma kuliko namba yake inavyodokeza, na upande wa 8000 hutoa makali ambayo watu wengi wanaweza kunyolea bila kulalamika. Zaidi ya hapo pande hizi mbili zinafanya kazi kwa kushirikiana, kwani mnoaji anaweza kurudi 4000 mara chache na kupanda tena 8000 mara nyingi zaidi, akipunguza upande wa kwanza na kuongeza wa pili hadi makali yatulie. Utaratibu huu humsaidia sana asiyejua bado ni lini hatua moja imekamilika.

Norton lina masharti mawili. Jiwe jipya halifiki likiwa sawa, na halipaswi kuguswa na wembe kabla ya kusawazishwa na kuondolewa tabaka lake la juu. Sharti la pili ni kwamba haliwezi kuufufua wembe uliokufa kwa gharama ya muda inayovumilika. Wembe wa mnadani wenye mapengo kwenye makali unataka jiwe namba 1000 kwanza, na hapo bei ya Norton, ambayo peke yake ni zaidi ya mara mbili ya King, inaongezewa bei ya jiwe lingine.

Nikilazimika kuchagua kati ya hayo mawili kwa ajili ya mtu mwenye wembe mmoja uliochakaa na bajeti finyu, ninachagua King, kisha ninamalizia kwa filamu. Kwa mtu ambaye wembe wake ulikuwa unanyoa mwezi uliopita na sasa umechoka, ninachagua Norton bila kusita.

Filamu ya msasa juu ya kioo

Njia hii haipewi heshima inayostahili, labda kwa sababu haina jiwe la kuonyesha wageni. Filamu ya msasa ni karatasi nyembamba ya plastiki iliyopakwa chembe za oksidi ya aluminiamu zenye ukubwa unaodhibitiwa kwa makini, na viwandani hutumika kung'arishia vifaa kama viunganishi vya nyaya za mwanga (fiber optic). Kampuni ya 3M huiuza kwa ukubwa wa mikroni 12, 9, 3, 1 na 0.3 miongoni mwa mingine. Karatasi moja ya inchi 8.5 kwa 11 hukatwa vipande vitatu vyenye upana wa takriban sentimita saba kila kimoja, na bei yake ni dola chache tu. Kwa fedha zisizofika hata bei ya Norton moja, mtu anapata mfululizo mzima kutoka mwinamo hadi kumalizia.

Kinachoibeba filamu ni kioo kinene, kuanzia milimita 10, au kipande cha marumaru kilicho sawa. Hapa ndipo uangalifu wote unapohitajika. Kioo hufutwa, hunyunyiziwa maji, filamu hulazwa kuanzia ncha moja na maji husukumwa nje kwa ukingo wa kadi ngumu mpaka filamu ing'ang'anie kioo bila kiputo hata kimoja. Kisha kidole kipitishwe polepole juu yake. Punje moja ya mchanga iliyobaki chini ya filamu, ambayo jicho haliioni, itasikika kama kipele, na wembe ukipita juu ya kipele hicho utapata pengo litakalourudisha mwanzo kabisa. Wakati wa kunoa, uzito wa wembe wenyewe unatosha. Ukikandamiza, makali hujichimbia na kuikata filamu.

Faida kubwa ya filamu ni kwamba hakuna kusawazisha. Kioo kikiwa sawa, kila kipande kipya ni sawa, na lile kosa la bonde linalowapoteza wengi halipo. Kasoro yake ni kwamba huisha. Kipande cha mikroni 12 huchoka haraka kwa sababu ndicho kinachobeba kazi nzito, na mwenye nyembe nyingi atajikuta ananunua karatasi mpya kila mara hadi jumla ifikie bei ya mawe ambayo yangedumu miaka. Kwa sababu hiyo ninapendelea mchanganyiko: upande wa 1000 wa King utengeneze mwinamo, kisha filamu ya mikroni 9, 3 na 1 ifuate. Ile ya 0.3 si ya lazima, na ndevu laini mara nyingine huridhika zaidi na makali ya mikroni 1 yaliyopitishwa vizuri kwenye mkanda wa ngozi.

Naniwa au Shapton kwa kumalizia

Mtu aliyekwisha kuwa na Norton, au King na filamu, ataanza kuota namba 12000. Majina mawili hutajwa zaidi, yote ya Japani. Jiwe la Naniwa la mfululizo wa Super Stone limefungwa kwa resini, ni laini chini ya wembe, na hutoa makali ambayo ngozi huyapokea kwa upole. Halilowekwi bali hunyunyiziwa maji tu. Liko la unene wa milimita 20 na la milimita 10, na kwa mwenye wembe mmoja au miwili sioni sababu ya kulipia lile nene. Kwa kuwa ni laini, wembe ukiinuliwa mgongo kwa bahati mbaya huchimba jiwe papo hapo.

Shapton wa mfululizo wa Kuromaku ni mgumu, hula chuma haraka, hubaki sawa kwa muda mrefu, na huja ndani ya sanduku la plastiki linalogeuka kuwa stendi. Makali yake ni makali kwelikweli, ila wengine huyaona yana ukavu unaohitaji mkanda wa ngozi wa ziada. Kwa mnoaji asiyependa kusawazisha mawe, Shapton. Kwa mwenye ngozi inayoota vipele, Naniwa.

Mawe ya asili

Jiwe la coticule huchimbwa eneo la Vielsalm, katika milima ya Ardennes nchini Ubelgiji. Ni la rangi ya manjano, na uwezo wake wa kukata unatokana na chembe ndogo za garneti, madini magumu, zilizojaa ndani yake. Uzuri wake ni kwamba jiwe moja linaweza kufanya kazi ya mawe matatu. Ukisugua uso wake kwa kijiwe kidogo cha aina ileile unapata tope kama maziwa, na tope zito hula chuma. Kadiri unavyoongeza matone ya maji tope linapungua nguvu, hadi mwishoni wembe unapita kwenye maji matupu na jiwe halikati tena bali linalainisha. Makali yake yana sifa ya upole ambayo wapenzi wake hawaibadilishi kwa namba yoyote.

Je, ni la bei nafuu? Jiwe kubwa la mstatili, hapana. Lakini vipande visivyo na umbo maalumu, vinavyobaki baada ya kukata mawe ya mstatili, huuzwa kwa bei ya chini zaidi, na wembe haujali umbo la jiwe maadamu uso wake ni sawa. Gharama iliyofichika ni ya kujifunza. Kila coticule ina kasi yake na tabia yake, na maelekezo ya mwenye jiwe jingine hayahamishiki yote. Simpendekezei mtu ambaye hajawahi kuhisi wembe ulionolewa vizuri, kwa kuwa hatajua kama tatizo ni jiwe au ni mkono.

Jiwe la China la Guangxi, ambalo huuzwa kwa jina la namba 12000, ni miongoni mwa mawe ya kumalizia ya bei ndogo zaidi. Namba hiyo ni ya biashara, kwani jiwe la mlimani halipimwi chembe kiwandani. Ni gumu, ni la polepole kupindukia, na huja bila usawa. Baada ya Norton 8000 linaweza kuhitaji wembe upitishwe mara mia na zaidi ndipo tofauti ionekane. Lakini tofauti ipo, na kwa mwenye muda kuliko fedha ni ununuzi wa maana. Jiwe la Arkansas nchini Marekani, mwamba uitwao novakulaiti wa milima ya Ouachita, linatumika kwa mafuta na lina subira hiyohiyo, isipokuwa kulisawazisha ni kazi ya saa nyingi. Mawe ya zamani ya Thüringen nchini Ujerumani, yaliyouzwa kwa jina la Escher, ni mazuri sana na yamekwisha kuwa mali ya wakusanyaji. Hayana nafasi katika ulinganisho wa bei nafuu.

Vilivyobaki

Vinoo vidogo vya vinyozi, kama Swaty iliyotengenezwa Maribor, mji ulio sasa nchini Slovenia, vilikusudiwa kuamsha makali yaliyolegea kwa kuyapitisha mara chache tu kati ya mteja na mteja. Kikipatikana cha mitumba kisichomeguka, kinaahirisha kazi ya mawe kwa miezi, lakini hakitengenezi mwinamo. Dawa ya kijani ya oksidi ya kromiamu, yenye chembe za nusu mikroni hivi, ikipakwa kidogo kwenye ngozi au mbao laini inafanya kazi inayofanana na hiyo kwa bei ndogo zaidi. Itafutwe iliyo safi, maana vipande vya kijani vya kung'arishia vyuma mara nyingi huchanganywa na chembe kubwa zaidi. Isitumike kila siku, kwa kuwa ngozi hubonyea na polepole huyafanya makali kuwa ya duara.

Mawe yasiyo na jina yanayoandikwa 3000 kwa 8000 au hata 10000, kwa bei ya chakula cha mchana, nayaweka kando. Punje moja kubwa iliyojificha ndani inatosha kuharibu kazi ya jioni nzima. Kadhalika kile kinoo cha kijivu cha karborandamu cha duka la vifaa vya ujenzi ni cha panga na jembe. Na fundi wa cherehe anayepita mitaani na baiskeli yake, pamoja na ustadi wake wote wa visu na mikasi, asipewe wembe wa kukunja, kwani joto la gurudumu huondoa ugumu wa bapa jembamba kwa sekunde chache na hakuna kinoo kitakachourudisha.

Gharama ya kusawazisha

Bei ya jiwe isihesabiwe bila bei ya kulisawazisha. Bamba la almasi ndilo la haraka, na kwa mwenye mawe mengi linajilipa. Asiyekuwa nalo atumie msasa wa maji namba 400 uliolazwa juu ya kioo kilekile cha filamu. Uso wa jiwe huchorwa mistari ya penseli iliyokatana kama karatasi ya hesabu, kisha jiwe husuguliwa chini ya maji kidogo. Mistari ya pembeni hutoweka kwanza, ya katikati hubaki; inapotoweka yote kwa pamoja, huchorwa tena na kusuguliwa tena kwa uhakika. Kingo za jiwe nazo zisuguliwe kidogo zisiwe kali, kwa sababu ukingo mkali wa jiwe hula makali ya wembe pale unapoingia na kutoka.

Ununuzi kwa awamu

Mwenye wembe mmoja uliouzwa ukiwa tayari kunyolea hahitaji jiwe lolote kwa sasa. Mkanda wa ngozi, dawa ya kijani, na karatasi moja ya filamu ya mikroni 1 vitamfikisha mbali. Aliyenunua wembe wa mitumba aanze na King na filamu, pamoja na lenzi ya kukuzia ya sonara, kwa sababu mwinamo usiokamilika huonyesha mstari wa mwanga juu ya makali, na mwanga huo hauonekani kwa jicho tupu. Baada ya hapo Norton inaweza kuchukua nafasi ya filamu ya mikroni 9 na 3, kisha Naniwa nyembamba nafasi ya mikroni 1. Coticule inunuliwe na yule aliyekwisha kunoa kwa njia nyingine na anataka jiwe moja la kubaki nalo.

Anayeagiza kutoka nje aangalie uzito, kwani mawe ni mazito na nauli inaweza kukaribia bei yenyewe, ilhali filamu husafiri ndani ya bahasha. Kwa jiwe lililokwisha kutumika, aombe picha ya uso wake likiwa limelowa maji na picha ya ubavuni likiwa na rula juu yake. Nyufa huonekana kwenye picha ya kwanza, bonde kwenye ya pili.